Shingo ya Triko

Kama kuna mtu aliyewahi kuichukia sufu kwa moyo wake wote, basi ni Kankindi, mke wa karani Gaspard wa mtaa wa Songo. Hakuichukia kama watu wanavyochukia kazi ngumu. Kazi ngumu aliizoea tangu utoto, kwenye mashamba ya pamba ya Bwegera. Sufu aliichukia kwa tumbo. Joto la mwezi wa tisa lilikuwa limelalia Uvira tangu asubuhi, mabati yanalia, viganja vyake vinatoka jasho, na ule uzi ulikunywa lile jasho lote kisha ukatoa harufu ya kondoo aliyenyeshewa. Tena si kondoo wa kwao, bali kondoo wa nchi asiyoijua, aliyenyolewa na watu asiowajua. Unyuzi ukinasa kwenye ukucha, mwili ulimsisimka mpaka meno. Kila baada ya safu mbili aliweka sindano chini, akaenda kunawa, akarudi, akanusa vidole, akakunja uso.

Alikuwa anafuma triko la mtoto. Ndiyo, sweta la sufu, lenye mikono mirefu, la mwanawe Anne wa miezi saba, katika mji ambao watoto hulazwa uchi mlangoni ili wapate upepo wa ziwa. Wazo hilo halikuwa lake, Mungu ni shahidi. Lilitoka kwenye fwaye, ile nyumba ambako wake za makarani na wauguzi walikusanywa kila Jumanne na Alhamisi kufundishwa kuwa wake, kana kwamba mpaka siku ile walikuwa mbuzi tu. Mwalimu alikuwa Madame Claire, mzungu mwembamba asiyejua kukaa chini, na msaidizi wake Léocadie, binti wa misheni aliyekuwa akirudia kila neno la Madame na kuliongezea ukali.

Kankindi angeacha zamani, lakini Gaspard alikuwa ameomba karte. Karte ya watu waliostaarabika! Songo nzima iliizungumza. Watu walisema mwenye karte hapigwi fimbo, hasimamishwi njiani akirudi nyumbani usiku, na mzungu humwita “bwana” mbele za watu. Lakini haitolewi hivi hivi. Komisiyo, ile kamati ya wakubwa, huja kwanza nyumbani kwako kuangalia unavyoishi: unakula mezani au chini, choo chako kina mfuniko au hakina, mkeo ameelimika au bado. Gaspard alikuwa amekwisha kununua uma sita, na alikuwa amemkataza mama yake mzazi, mzee Nyandwi, kuvuta kiko barazani. Kilichobaki ni mke. Ilisemwa kwamba komisiyo hufurahi sana ikimkuta mtoto amevaa kitu alichofumiwa na mama yake.

“Sikia muzuri, mama Anne,” Gaspard alimwambia siku ile tarehe ilipojulikana. “Nikikosa karte juu yako, unarudi Bwegera kwa baba yako. Na mutoto anabaki hapa. Ng'ombe tulitoa.”

Alisema kwa sauti ya ofisi, bila hasira, huku akipangusa miwani. Wala hakuwa anatania. Ng'ombe wa mahari wakishatolewa, mtoto ni wa ukoo wa baba. Akiachishwa kunyonya tu, huchukuliwa. Kankindi alilijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa maana dada yake mkubwa alinyang'anywa wawili namna hiyo, akawa anasikia habari zao sokoni Sange, kama mtu anayesikia habari za watoto wa jirani. Tangu siku ile Kankindi alifuma akiwa na Anne mgongoni, na kila kitanzi kilimkumbusha.

Lakini hofu haifundishi vidole. Triko la kwanza lilikuwa jeupe. Kwa vile hakutaka uzi umguse, aliushika kwa ncha za vidole kama mtu anayemshika panya mkia, na vitanzi vikatoka vilegevu, kila kimoja na shimo lake. Alipolimaliza lilikuwa pana, la kumtosha mbuzi mwenye mimba. Madame Claire aliliinua juu ili wanawake wote walione, akasema neno kwa Kifaransa. Léocadie akatafsiri: “Madame anasema hii ni wavu ya kuvulia ndagala.” Wanawake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kankindi alilifumua lote.

La pili alilibana, na kweli likatoka zuri. Akalianika uani ili litoe harufu ya kondoo. Mchana huo jirani akatandaza ndagala wake upande wa upepo, na jioni triko likawa linanuka kondoo na samaki kwa pamoja, harufu ambayo hata paka waliijia kwa mashaka. Sasa Kankindi afanye nini? Alifanya alivyofundishwa. Jumanne kwenye fwaye ilikuwa siku ya usafi, na Madame alikuwa ameapa kwamba nguo ya mtoto isipochemshwa ni mauti: chemsha kitambaa, chemsha shuka, chemsha chupa, chemsha kila kitu! Basi akachukua sufuria, akatia sabuni, akatia triko, akachochea kuni. Alipolitoa kwa mwiko lilikuwa limenywea hadi udogo wa ngumi, gumu, limeshikamana, linatiririka maji ya kijivu. Ukitaka kujua lilivyofanana, mwulize mchinjaji akuoneshe kinachotoka tumboni mwa ng'ombe aliyekuwa akijilamba. Kankindi alilitazama, mate yakamjaa kinywani, akaenda kulitupa chooni. Kwa hiyo funzo la Jumanne liliua kazi ya Alhamisi, na aliyegombezwa ni yeye.

Zilibaki wiki tatu. Safari hii Madame alimpa uzi wa manjano, akauita rangi ya kifaranga. Kila mwanamke mle ndani alikuwa na mtoto, na kila mmoja alijua manjano yale huonekana wapi, lakini nani angesema? Kankindi aliupokea kwa vidole viwili.

Hapa ndipo kwenye kiini cha mambo, nanyi msimcheke mapema. Triko lazima lipimwe. Madame Claire alipenda kupima kwa kamba: kifua, mkono, shingo. Kankindi alipojaribu nyumbani kumzungushia Anne kamba kifuani, mzee Nyandwi aliinuka kwenye mkeka kwa kasi ambayo magoti yake hayakuwa nayo tangu miaka mingi.

“Mukazana,” akamwita mkwewe, “unafanya nini? Mutoto amekufa?”

“Hapana, mama. Ninapima nguo yake.”

“Kwetu muntu muzima hapimwe na kamba. Maiti njo banapima, juu bajue urefu wa shimo. Toa iyo kamba pa mutoto!”

Kankindi aliitoa upesi, kwa maana yeye mwenyewe alilelewa hivyo hivyo. Wala hakuwa peke yake. Hakuna mama hata mmoja pale fwaye aliyethubutu kumzungushia mwanawe kamba, wala kumjaribisha nguo yenye sindano ndani yake. Wote walipima kwa Bebe.

Bebe alikuwa mwanasesere wa Madame, mkubwa kama mtoto wa miezi sita, wa rangi ya waridi, pua imebanduka, macho ya bluu yanayofunga kwa kelele ukimlaza. Alinuka kabati. Wanawake walimshika kwa zamu, bila upendo. Na kila triko lilipokwisha, Léocadie alimkalisha Bebe mezani, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akakizungusha, akaking'oa. Kilitoka kwa mlio wa chupa inayozibuliwa. Halafu alimvisha triko lile shingo tupu, akatia mikono, akakirudisha kichwa mahali pake, akasema: “Voilà, linaenea.” Triko likakunjwa, likatiwa kwenye kabati la vioo ili wageni walione. Mle kabatini mlikuwa na matriko zaidi ya thelathini, meupe, ya bluu, ya waridi, na hakuna hata moja lililowahi kuvaliwa na mtoto mwenye damu.

Jicho likizoea, halioni tena. Kankindi aliona kichwa cha Bebe kikitoka na kurudi juu ya shingo ya triko lake la manjano, na alichohisi ni raha tu, kama mtu aliyetua mzigo. Linaenea! Alifunga ukingo wa shingo kwa nguvu zote, kitanzi kwa kitanzi, ili safari hii asiwepo wa kumwambia habari za wavu. Madame alivuta ile shingo kwa kidole, akaona ilivyokaza, akamsifu kwa mara ya kwanza.

Komisiyo ilikuja Jumamosi, saa nne, jua limekwisha kuwa kali. Walikuwa wanne: bwana wa teritware, yaani mtawala wa wilaya, mwenye daftari, padri mwenye ndevu, Madame Claire mwenyewe, na Modeste, karani mkubwa ambaye karte yake alikuwa ameipata mwaka uliotangulia na ambaye tangu hapo alikuwa akitembea kama mtu aliyemeza fimbo. Mzee Nyandwi alikuwa amefukuzwa tangu alfajiri, akae jikoni nyuma ya nyumba, asionekane. Gaspard alivaa tai.

Wakaangalia. Bwana alifunua chungu, akanusa. Aliingia chumbani akainua shuka la kitanda cha ndoa kwa ncha ya kalamu, akachungulia chini yake, akaandika. Alikwenda chooni na kitambaa puani. Kankindi alisimama karibu na meza ya uma sita, Anne mkononi, akahisi uso wake unawaka. Alijua nyumba yake ni safi. Alikuwa ameipiga deki mara mbili. Lakini ile kalamu ilipotoka chumbani alitamani kuipiga deki mara ya tatu.

“Mama Anne,” akasema Gaspard kwa sauti ya wageni, “valisha mutoto triko.”

Kankindi alikaa, akamweka Anne magotini, akashika lile triko la manjano, ambalo Madame alikuwa amekuja nalo kutoka kabatini, na kumwingizia kichwani. Liliteremka mpaka kwenye paji la uso, likagoma. Akavuta kidogo. Likafika kwenye nyusi, likagoma tena. Anne akacheka ndani ya sufu, akidhani ni mchezo wa kujificha. Kisha akavuta pumzi, akavuta na sufu, akaacha kucheka.

“Haiingie,” akasema Kankindi, akaanza kulirudisha juu.

Mkono wa Gaspard ukaja. Ulilishika triko kwa mbele, ukalivuta chini. “Iko inaingia, bwana,” akasema, akiwageukia wageni kwa tabasamu la meno yote. “Si kintu. Iko inaingia tu. Kichwa ya mutoto iko nguvu.” Akavuta tena, na ule ukingo uliokazwa kitanzi kwa kitanzi ukateremka ukakaa juu ya pua na mdomo wa mtoto, hauendi juu, hauendi chini. Kilio cha Anne kikawa kidogo, kama cha mtu aliye nyumba ya pili. Miguu yake ikaanza kupiga.

“Makasi!” Kankindi akapiga kelele. “Mulete makasi!”

Nyumba nzima haikuwa na mkasi. Mikasi ya fwaye hukaa fwaye, chini ya ufunguo. Madame Claire aliinua mikono, akasema kwa Kiswahili chake cha vipande: “Hapana kata! Hapana kata! Kazi muzuri sana!”

“Usiharibu!” akanong'ona Gaspard, bado anatabasamu, bado anavuta. “Iko kidogo tu. Banatuangalia.”

Kankindi aliutazama mkono ule. Halafu aliyatazama macho ya mwenye mkono, akitafuta hofu, hata chembe. Gaspard hakuwa anamwangalia mtoto. Alikuwa anaiangalia kalamu ya bwana, kama itaandika au haitaandika.

Akachukua kisu cha mezani, kile kipya kinachong'aa. Hakikukata hata unyuzi mmoja. Akakitupa. Akaupiga ule mkono wa Gaspard, akainamisha uso juu ya uso wa mwanawe, akaitia sufu kinywani, akaiuma. Kila kilichokuwa kimemtia kinyaa kwa miezi mitatu kilimwingia mdomoni kwa mara moja: kondoo, jasho, sabuni, kabati la Bebe. Manyoya yalimshika ulimi, yakamwendea kooni. Aliuma, akatafuna, akavuta kwa magego, mpaka uzi ukakatika na ukingo ukafumuka, kitanzi kimoja, cha pili, cha tano, na shingo ya triko ikafunguka kama mdomo. Uso wa Anne ukatokea umegeuka zambarau. Mtoto akavuta pumzi, akalia kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani.

Kankindi alimkumbatia, akageuza uso pembeni, akatapika pale pale sakafuni, maji na nyuzi za manjano, karibu na viatu vya bwana wa teritware. Bwana akarudi nyuma hatua mbili. Padri akafanya ishara ya msalaba, akaomba mtoto apewe maji.

Wazungu walisemezana kwa Kifaransa mlangoni. Gaspard alisimama wima, jasho linamchirizika chini ya tai, meno bado nje. Mwishoni bwana alimpa mkono, wakaondoka kwenda kwenye gari, na Modeste akabaki nyuma kidogo kumletea habari.

“Umepita,” akasema. “Bwana anasema karatasi itaenda Bukavu, na yeye haone kizuizi. Weye iko muntu mutulivu, anasema. Mambo yote ile, haukupandisha sauti, haukuacha kucheka. Anasema njo alama ya muntu amestaarabika. Bibi yako naye atajifunza polepole. Banaweza kurudi kuangalia tena.”

Gaspard aliingia ndani akiruka kama mtoto aliyepewa sikukuu. “Mama Anne! Tumepita! Umesikia?” Akaona matapishi, akayaruka. “Sasa haurudi Bwegera tena. Nimekusamehe. Utafuma ingine. Kuya, mutoto wangu, kuya kwa baba.” Akanyoosha ule mkono. Anne alijificha uso shingoni mwa mama yake, akalia upya.

Miezi mitatu Kankindi alikuwa amesali asikie maneno hayo mawili, haurudi Bwegera. Sasa ameyasikia, na yamemnukia vibaya kuliko sufu, kuliko ndagala, kuliko kile alichokitupa chooni. Alimwona mume wake pale na tai yake na meno yake, na alijua kwamba hataweza tena kula chakula ambacho mkono ule umekigusa. Alijua hivyo kwa tumbo, na tumbo lake halikuwa limemdanganya siku ile.

“Minye ninaenda Bwegera,” akasema.

Gaspard akacheka. “Enda. Mutoto anabaki. Ng'ombe tulitoa.”

“Nani alitoa?”

Haikuwa sauti ya Kankindi. Mzee Nyandwi alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma, kisu cha jikoni mkononi. Alikuwa amekimbia nacho tangu kilio cha kwanza, akafika mlangoni akakuta mukazana wake amekwisha kuinama, na tangu pale hakuondoka. Hakuna aliyemwona, kwa kuwa siku ile hakutakiwa kuonekana.

“Mama, rudi ku jikoni,” akasema Gaspard.

“Ng'ombe ilikuwa ya baba yako, marehemu, na minye njo niliziongoza paka Bwegera na hii miguu. Nilizitoa juu mutoto akizaliwa apate baba. Leo nilisimama hapa, nikaangalia muzuri, sikuona baba. Niliona karani.” Akaweka kisu mezani, katikati ya zile uma. “Bazee bakiniita kuuliza mutoto ni ya nani, njo ile nitabaambia. Na minye tu njo bataniuliza, juu wengine wote bamekufa.”

Akafungua kitambaa chake cha begani, akamgeuza Kankindi kwa mabega kama mtoto, akamweka Anne mgongoni na kumfunga mara mbili, fundo juu ya kifua. Hakupima chochote. Gaspard alitazama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi meno yake yakaingia ndani. Hofu, ambayo Kankindi aliitafuta na asiione, sasa ikaja.

“Na komisiyo ikirudi?” akauliza. “Modeste alisema banaweza kurudi kuangalia tena. Nitabaambia bibi iko wapi?”

Kankindi alikuwa amekwisha kufika mlango wa mbele. Alitema unyuzi wa mwisho, akafuta mdomo.

“Ubaambie iko ku fwaye,” akasema. “Anajifunza.”

Akashuka ngazi, akashika barabara ya Sange kwenda Bwegera.